Begi la Mgeni

Mgeni anayefika katika boma la Wagusii, iwe ni Bobasi, Kitutu au Borabu, hakai na mzigo wake. Kabla hajamaliza kusalimia, mtoto mmoja ameshautwaa na kuingia nao ndani. Mkungu wa ndizi unaishia jikoni, unga wa wimbi uliokuja ndani ya kikapu kiitwacho egetonga unapokewa na mama mwenye nyumba, na begi la nguo linasukumwa chini ya kitanda cha mtu mwingine. Mgeni anapewa kiti na chai. Akiendelea kulikumbatia begi lake sebuleni, wenyeji watajiuliza tangu lini amewaona wezi.

Desturi hiyo nzuri ndiyo inayomponza siku polisi wanapobisha hodi na karatasi ya hakimu.

Tuseme ni Keroka, na jua limechomoza sasa hivi. Karatasi waliyo nayo polisi inawaruhusu kupekua nyumba ya kijana fulani anayeshukiwa kuuza bangi. Lakini usiku huo kijana hakulala peke yake. Yupo shangazi yake aliyetoka Nakuru kuja mazishini, yupo binamu anayesoma chuo mjini Kisii, na yupo rafiki aliyekosa matatu ya mwisho. Jina la kijana limo katika karatasi. La shangazi halimo. Askari mmoja anavuta begi kutoka chini ya kitanda, anashika zipu na kuuliza, "Hili la nani?" Shangazi anajibu, "Ni langu, mwanangu." Je, mkono wa askari uendelee na zipu, au usimame?

Keroka nimeichagua kwa makusudi. Mji huo umekaa juu ya mpaka, mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira, na kaunti hizo mbili zimeugombania ushuru wake tangu ugatuzi uanze. Polisi hawamo katika ugomvi huo. Polisi wa Kenya ni wa taifa, si wa kaunti, na hati ya upekuzi haijali umelala upande wa gavana yupi. Inachojali ni mahali, na hapo ndipo utata unapoanzia.

Sheria inayohusika ni ile ya utaratibu wa kesi za jinai, Sura ya 75 ya Sheria za Kenya. Kifungu cha 118 kinasema kwamba hakimu akithibitishiwa kwa kiapo kuwa kitu kinachohusiana na kosa, au kinachohitajika katika uchunguzi, kipo au kinashukiwa kwa sababu za maana kuwa kipo mahali fulani, anaweza kuandika hati ya kuruhusu mahali hapo papekuliwe. Ombi lenyewe husikizwa upande mmoja tu, mwenye nyumba hajui lolote. Ni sawa, kwa kuwa mtu akiarifiwa mapema ataimwaga chooni bangi yote. Kisha kifungu kinaorodhesha vinavyoweza kupekuliwa: mahali, jengo, meli, ndege, gari, sanduku au chombo cha kutilia vitu. Na baada ya orodha kuna maneno machache ambayo askari wengi huyapita haraka: kinachopekuliwa sharti kitajwe au kielezwe ndani ya hati.

Sanduku limetajwa peke yake. Limesimama katika orodha moja na jengo na meli, kama kitu kinachohitaji kuandikiwa ruhusa yake. Wakili wa shangazi angeanzia hapo: hati imetaja nyumba ya kijana, haikutaja begi la mama wa Nakuru, na sheria yenyewe inajua tofauti ya jengo na sanduku. Mpelelezi naye ana jibu, tena si la kipuuzi. Atasema ukiruhusiwa kupekua nyumba umeruhusiwa kufungua kila kilichomo kinachoweza kuficha unachotafuta, vinginevyo kila muuza bangi angeweka misokoto yake ndani ya sanduku na kukaa juu yake akicheka.

Kinachotafutwa ndicho kinachoweka mipaka ya kwanza, na hapa pande zote mbili zinakubaliana. Mtafuta ng'ombe hafungui pochi. Kwenye mpaka wa Borabu na Sotik, ambako wizi wa mifugo umeleta vita vingi, hati ya kutafuta fahali wawili haimpi mtu ruhusa ya kuvuruga kabati la vikombe. Ila bangi, risasi, laini za simu na noti bandia hukaa popote. Kadiri kitu kinavyokuwa kidogo ndivyo mkono wa hati unavyozidi kuwa mrefu.

Kuhusu mwili wa mgeni sheria haina kigugumizi. Kifungu cha 120 kinasema mtu aliye katika mahali panapopekuliwa, au karibu napo, akishukiwa kwa sababu za maana kuwa ameficha mwilini kitu kinachotafutwa, anaweza kupekuliwa. Akiwa mwanamke, kifungu cha 27 kinataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa heshima isiyo na mzaha. Maana yake ni kwamba kuwapo ndani ya nyumba hakutoshi. Lazima iwepo shuku inayomhusu mtu huyo: ameonekana akitia kitu mfukoni, amekimbilia nyuma ya jiko, ametajwa na mtoa habari. Rafiki aliyekosa matatu ya mwisho hana hatia ya kukosa matatu.

Tazama sasa kichekesho kinachozaliwa. Shangazi akiwa amelivaa begi mgongoni, polisi wanahitaji sababu ya kumshuku yeye ndipo walifungue. Akiwa amelikabidhi kwa wenyeji, kama adabu inavyomtaka, begi, kwa hoja ya mpelelezi, limegeuka kuwa sehemu ya nyumba na linaweza kufunguliwa bila sababu yoyote. Asiye na adabu analindwa, mwenye adabu anaumbuliwa. Mtunga sheria hakukusudia hivyo. Hakuwahi kulifikiria begi la shangazi hata kidogo. Alifikiria nyumba, akafikiria mwili, akaliacha begi katikati.

Maneno ya kifungu cha 120 hayakuzaliwa Kenya. Yalitoka India. Himaya ya Afrika Mashariki ilianza kwa kutumia sheria za Uhindi wa Waingereza, na hata Kenya ilipopata kanuni zake za jinai mwaka 1930, vipande vingi vilihamishwa karibu neno kwa neno. Kanuni ya India ya 1898, kifungu cha 102, tayari ilizungumza juu ya mtu aliye katika mahali panapopekuliwa au karibu napo anayeshukiwa kuficha kitu mwilini. Lakini kifungu kilichofuata cha India, cha 103, kilikuwa na sharti jingine: kabla ya kuanza upekuzi, afisa awaite wakazi wawili au zaidi wenye heshima wa mtaa huo washuhudie, na orodha ya vitu vilivyochukuliwa iandikwe mbele yao na watie sahihi.

Sharti hilo la majirani wawili halimo katika sheria ya Kenya. Lingefaa sana Gusii, ambako jirani yuko umbali wa kikohozi kimoja. Ukivuka mpaka Isebania kuingia Tanzania unakuta kitu kinachokaribiana nalo. Sheria ya Tanzania ya mwenendo wa makosa ya jinai ya 1985, kifungu cha 38, inamtaka afisa atoe stakabadhi ya alichochukua, ikiwa na sahihi ya mwenye nyumba au jamaa yake wa karibu na ya mashahidi waliokuwapo. Upande wa Kenya orodha huandikwa pia, na mawakili huililia kila siku mahakamani, lakini imekuwa zaidi desturi ya kazi kuliko amri ya Sura ya 75.

Neno "mahali" nalo lina tabu yake. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu limegawanywa hadi limekuwa vipande vya kupanda sukumawiki na kahawa kidogo. Ndani ya boma moja kuna nyumba ya mzee, nyumba ya mama mdogo, nyumba za wana watatu waliooa, jiko la nje, na kibanda cha vijana ambacho wazee hukiita esaiga. Hati inayosema "nyumba ya fulani" haijasema boma zima. Mwana wa pili ana mlango wake, sufuria zake na wageni wake. Mjini Kisii ni vivyo hivyo: mtaani Mwembe, Jogoo au Nyamataro, ploti moja ina milango kumi ya mabati, na hati inayotaja ploti bila kutaja mlango inawaacha wapangaji tisa wakiombea askari wawe waungwana.

Na heshima ya Kigusii haiishii kwenye mlango. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani waliokaa katika jamii ya Wagusii waliyoiita Nyansongo katikati ya miaka ya 1950 wakichunguza malezi ya watoto, waliandika kwa urefu juu ya chinsoni, zile kanuni za haya baina ya vizazi. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kuna maneno yasiyosemwa mbele ya mkwe na nguo zisizoonekana naye. Sasa mfikirie mama mkwe aliyekuja kumtazama mjukuu, begi lake likamwagwa sakafuni mbele ya mkwe wake wa kiume, nguo za ndani zikawekwa upande huu na dawa zake za kila siku upande ule. Hajashikwa mwili, kwa hiyo kifungu cha 27 hakikuguswa na hakuna askari wa kike aliyeitwa. Ukimuuliza yeye, atakwambia amevuliwa.

Nchi nyingine zimelivaa swali hili hadharani. Mwaka 1976, katika mji wa Aurora, jimbo la Illinois, Marekani, polisi walipata hati ya kupekua baa moja na mhudumu wake aliyeshukiwa kuuza heroini. Walipoingia wakawapapasa wateja wote waliokuwa wakinywa. Mmoja wao, Ventura Ybarra, alikutwa na paketi ya sigara yenye vipande sita vya karatasi ya bati vyenye heroini. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1979, majaji sita kwa watatu, kwamba upekuzi ule ulikuwa haramu. Kuwa karibu na mshukiwa si kosa. Hati ya kupekua baa haikuwa hati ya kuwapekua wanywaji.

Ybarra alikuwa na kitu mfukoni. Vipi begi lililowekwa chini? Mwaka 1973 mahakama ya rufani ya shirikisho mjini Boston ililiangalia jambo hilo katika kesi ya Micheli, mtu aliyeacha mkoba wake chini ya dawati katika duka la kuchapisha ambalo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wenye nalo. Wako waliosema kipimo ni kimoja: umelishika au umeliweka chini? Majaji wa Boston hawakuridhika. Walitaka kujua mwenye mkoba ana uhusiano gani na mahali hapo. Micheli alikuwa mwenyeji, kwa hiyo mkoba wake ulifuata duka. Angekuwa mpita njia aliyeingia kuuliza bei, mkoba ungemfuata yeye. Kwa maoni yangu kipimo hiki ndicho kinachoifaa Keroka. Kijana anayeishi ndani ya nyumba hana cha kulalamikia begi lake likifunguliwa. Shangazi wa Nakuru, aliyejitambulisha na kusema begi ni lake, anastahili kuulizwa kwanza: una nini cha kukufanya ushukiwe?

Jamaica ilipata kesi iliyofanana zaidi na ya Keroka, na ikafika London mwishoni mwa miaka ya 1960. Polisi walikwenda na hati ya kupekua nyumba ya mwanamke mmoja. Mwanamume aliyeitwa King alikuwa pale. Wakampekua, wakamkuta na bangi mfukoni. Hati ilitaja nyumba, haikuruhusu kumpekua King. Baraza la Privy, mahakama ya mwisho ya makoloni na nchi zilizokuwa makoloni, lilikiri kwamba upekuzi huo haukuwa halali. Kisha likaiacha hukumu ya kumtia hatiani isimame vilevile, kwa kuwa bangi ni bangi hata ikipatikana kwa njia mbaya.

Waliitoa wapi hoja hiyo? Waliitoa Kenya.

Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni, Kuruma mwana wa Kaniu, mfanyakazi wa shamba la Mzungu, alikuwa kwenye baiskeli siku yake ya mapumziko, akielekea kwao. Alipita njia yenye kizuizi cha polisi, ingawa ilikuwapo njia nyingine isiyo na kizuizi na yeye aliijua. Walimsimamisha na kumpekua. Walidai kumkuta na risasi mbili na kisu cha mfukoni. Kanuni za wakati ule ziliruhusu upekuzi wa namna hiyo ufanywe na polisi wa cheo cha mkaguzi msaidizi na kuendelea, na waliompekua Kuruma walikuwa chini ya cheo hicho. Wazee wa baraza watatu walioisaidia mahakama walishauri aachiliwe. Alihukumiwa kifo.

Rufani ilifika London. Akizungumza kwa niaba ya Baraza la Privy, Lord Goddard alisema kinachotazamwa ni kama ushahidi unahusiana na kesi. Ukiwa unahusiana, mahakama haishughuliki na jinsi ulivyopatikana. Jaji anaweza kuukataa ukimwonea mshtakiwa, lakini uharamu wa upekuzi peke yake si sababu. Sentensi hizo, zilizotungwa juu ya mwendesha baiskeli wa Kenya, zilienea katika mahakama za Jumuiya ya Madola na kunukuliwa kwa miongo mingi. King wa Jamaica aliangushwa na Kuruma wa Kenya, watu wawili ambao hawakuwahi kuonana.

Kwa zaidi ya nusu karne huo ndio ulikuwa msimamo Kisii pia. Ukipekuliwa kinyume cha sheria ungeweza kumshtaki askari baadaye, ukiwa na pesa na uvumilivu, lakini kilichotoka begini kilikwenda mahakamani. Kisha ikaja Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinaitaja kwa vipande: asipekuliwe yeye, nyumba yake wala mali yake, na vitu vyake visichukuliwe. Tazama vizuri, nyumba na mali vimetengwa. Na kifungu hakisemi "kila mwenye nyumba". Kinasema kila mtu, na shangazi ni mtu. Haki hiyo inaweza kuwekewa mipaka na sheria, na hati ya hakimu ni mpaka mmojawapo, lakini mpaka uliochorwa kumzunguka kijana haumzunguki kila aliyelala kwake.

Kifungu cha 50, kifungu kidogo cha nne, kimeugusa urithi wa Kuruma wenyewe: ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za Katiba hutupwa ikiwa kuukubali kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki. Kile "ikiwa" ni kirefu. Majaji wengine hukipima kwa mkono mpana, wengine kwa mkono mwembamba, na wakili anayedhani kila upekuzi mbovu unafuta kesi atashangazwa.

Hatari kubwa zaidi kwa mgeni huenda isiwe begi lake kabisa, bali kabati la mwenyeji wake. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 4, inasema watu wakiwa wawili au zaidi, na mmoja akawa na kitu kwa kujua na kuridhia kwa wenzake, kitu hicho huhesabiwa kuwa cha wote. Maneno yanayomwokoa mgeni ni hayo mawili, kujua na kuridhia, na ni juu ya upande wa mashtaka kuyathibitisha. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inakwenda mbali zaidi: kukutwa, bila sababu ya maana, katika nyumba ambayo watu huiendea kuvutia dawa hizo ni kosa lenyewe, hata kama mifuko yako ni mitupu. Mazishi ni sababu ya maana. Kupotea njia saa nne usiku hadi kwa muuza bangi kutahitaji maelezo marefu kidogo.

Haya yote yanadhani kwamba kuna hati. Katika misako mingi ya chang'aa na bangi hakuna karatasi yoyote. Kuna chifu au msaidizi wake anayeonyesha njia, askari kadhaa na gari moja. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 60, inaruhusu upekuzi bila hati pale ambapo kungojea hakimu kutaharibu uchunguzi. Lakini inamtaka mkuu wa kituo au mpelelezi aandike kwanza sababu zake na kitu anachokitafuta, na askari aonyeshe kitambulisho chake cha kazi. Kuandika kwanza. Si kuandika kesho yake ofisini baada ya kitu kupatikana.

Wagusii wana kumbukumbu ya misako isiyo na karatasi wala sare. Sungusungu, waliojitwika kazi ya kulinda vijiji kati ya miaka ya 1990 na 2000, waliingia majumbani usiku na kutoa hukumu papo hapo. Serikali ilipopiga marufuku makundi 33 mwezi Oktoba 2010, jina lao lilikuwamo pamoja na la Chinkororo, kundi jingine la Wagusii. Miaka mitatu baadaye, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, ukaja mpango wa majirani wa Nyumba Kumi, ulioazimwa Tanzania, na mgeni akawa mtu wa kuripotiwa kwa mzee wa mtaa. Kumjua mgeni si vibaya. Lakini taarifa kwamba "kwa fulani kuna mgeni tusiyemjua" si sababu ya maana kisheria, na hakimu anayeipokea kama sababu anauza kiapo kwa bei rahisi.

Wakubwa nao hawajasalimika. Tarehe 2 Februari 2018 polisi walivunja mlango wa nyumba ya wakili Miguna Miguna mtaani Runda, Nairobi. Mwezi Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita aliamuru alipwe fidia ya Sh7 milioni, pamoja na Sh270,000 za uharibifu wa nyumba. Waziri wa usalama wa ndani wakati huo alikuwa Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu, Nyamira. Miaka mitano baadaye, usiku wa tarehe 8 Februari 2023, Matiang'i mwenyewe, sasa akiwa raia wa kawaida, alidaiwa kuvamiwa na polisi nyumbani kwake Karen. Mawakili walifika, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alifika, waandishi wa habari walijaa langoni. Polisi walikana kabisa kwamba walikwenda kumsaka. Kama kungekuwa na hati usiku ule, ingetaja nyumba ya mtu mmoja huku sebule ikiwa imejaa mikoba ya mawakili, yenye siri za wateja wasiohusika. Hapo kila mtu angeliona tatizo mara moja. Mkoba wa wakili na begi la shangazi vinalindwa na kifungu kilekile cha 31 cha Katiba.

Siku hizi kilicho ghali zaidi ndani ya begi ni simu. Sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, kifungu cha 48, inataka polisi waende kwa hakimu kuomba hati ya kutafuta data iliyohifadhiwa. Kwa hiyo hata pale simu ya mgeni inapochukuliwa kihalali, kuichukua ni jambo moja na kusoma jumbe zake ni jingine. Askari anayesema "weka namba yako ya siri tuone" mlangoni anaomba hisani. Mgeni ana ruhusa ya kutoitoa.

Basi shangazi afanye nini asubuhi ile? Asipigane, kwa sababu kumzuia askari kazini ni kosa jingine. Aombe kuiona hati na kuisoma: nyumba gani, kitu gani, saa ngapi, kwa kuwa hati hutekelezwa kati ya macheo na machweo isipokuwa hakimu ameandika vinginevyo. Aseme mapema, mbele ya watu, lipi ni begi lake. Aulize kwa sauti ni kwa nini linashukiwa, na jibu likumbukwe. Likifunguliwa, aombe askari wa kike alifungue na amwite jirani ashuhudie, hata kama Sura ya 75 haimlazimishi askari kukubali. Kikichukuliwa kitu, kiandikwe, na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, ipatikane kituoni. Kifungu cha 121 kinaitaka mahakama iamuru mali irudishwe ikiwa hakuna kesi, na asiye na orodha atadai nini?

Orodha ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Majaji wa London, baada ya kuikataa rufani ya Kuruma, hawakuonekana kutulia. Waliomba mambo fulani ya kesi yake yafikishwe kwa waziri wa makoloni. Moja lilikuwa kisu cha mfukoni. Polisi waliapa kwamba walikitoa kwake pamoja na zile risasi mbili. Kisu hicho hakikuletwa mahakamani.